Pazi Alivyomwiga Kaka Yangu Baharini

Jumapili jioni, Tegeta. Jua tangu asubuhi, upepo wa kawaida, bahari ilikuwa inajaa. Viganja vimechubuka vyote viwili, kwa hiyo naandika polepole.

Sijaandika huku tangu tulipomzika kaka yangu Mihayo. Wanaonisoma wanajua mimi ni mtu wa utaratibu. Naanza na siku, hali ya hewa, kilichotokea, halafu kilichonisumbua. Leo utaratibu umevurugika kidogo, kwa sababu kilichonisumbua kilianza muda mrefu kabla ya kilichotokea.

Tangu afariki, nimekuwa namsikia.

Simwoni. Wala simwoti, ingawa mama huniuliza kila tunapoongea kama nimemwota. Namsikia tu, na anasema neno moja: "Haya." Huja mikono ikiwa na kazi. Nikifua. Nikipiga pasi. Dukani, nikihesabu mabati na misumari kwenye stoo. Nikikaa bure hasemi kitu. Nimelichunguza jambo hili kama ninavyochunguza mzigo ulioingia na upungufu, na sijapata jibu.

Sikumwambia mtu. Ukisema unamsikia marehemu, watu wanaanza kukutafutia maombi au mganga, na mimi sikutaka kutibiwa. Huo ndio ukweli wenyewe. Nilikuwa nakosa usingizi, nilikuwa nakonda, na bado sikutaka aache.

Niwaeleze habari ya boti.

Mtaani kwetu tuna kikundi cha mazoezi, tunakimbia asubuhi za Jumapili kwa mchakamchaka. Kiongozi alikuwa kaka. Mwenzetu mmoja, Neema, ni muuguzi kwenye wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati, na yeye ndiye aliyeleta habari ya mashindano ya kupiga makasia Kunduchi, ya kuchangia mashine za kuwapasha joto wale watoto. Si mashindano ya mabingwa. Ni watu wa maofisini, walimu, wahasibu, watu wenye vitambi na nia njema. Boti ni ya watu wanne: watatu wanapiga makasia, kila mmoja makasia mawili, na wa nne anakaa nyuma na usukani, akiwahesabia. Wapigaji wanakaa wakiwa wameupa mgongo mwendo wa boti. Kwa hiyo anayehesabu anawatazama wao, na wao wanamtazama yeye.

Kaka alishika usukani. Mimi nilikaa mbele yake, magoti yetu yakikaribia kugusana. Nyuma ya mgongo wangu alikaa Pazi, fundi friji wa mtaani kwetu, na nyuma ya Pazi alikaa Deo, mwalimu wa sekondari.

Kaka alikataa kuhesabu moja, mbili. Alisema namba ni za watoto wa chekechea. Yeye akatuwekea maneno yake: "haya" tunatumbukiza na kuvuta, "basi" tunainua. Siku ya kwanza ya mazoezi akasema haya, tukavuta wote. Akasema basi. Mimi nikainua, kwa sababu nimekua naye na namjua. Pazi akaweka makasia chini na kuanza kujinyoosha. Deo akamuuliza kama tumeshafika.

Boti ikazunguka kama sinia.

"Basi ya makasia si basi ya kwenda nyumbani," kaka alisema. "Nyie hamjawahi kuambiwa basi mkaendelea?"

"Mie nikiambiwa basi nadai malipo," Pazi akamjibu.

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Sisi ni Wanyamwezi, Pazi ni Mzaramo, na utani huo tumeukuta. Yeye alituita wapagazi wake, akatuuliza pembe zake za ndovu tulizibwaga wapi tukitoka bara. Sisi tukamwambia ndugu zake waliuza viwanja vyote vya mji huu wakanunua ngoma. Haikupita Jumapili bila mmoja wao kutukanwa hadi wapita njia wasimame.

Kisha kaka akaanguka kazini. Presha. Asubuhi hiyo alikuwa amenipigia simu kuuliza kama jezi za kikundi zimekauka. Nikamwambia zimekauka, nimezikunja. Akasema, "Haya," na salio lake likaisha.

Kila anayeongea na simu hapa mjini anajua kinachofuata baada ya hapo. Haya. Haya basi. Poa. Haya. Tunaagana mara tatu ndipo mtu akate. Sisi hatukuagana hata mara moja. Nilikusudia kumpigia mchana, na mchana niliyepigiwa ni mimi.

Tulimsafirisha usiku huo huo kwenda Nzega. Watani wa kule walikuja kumwiga marehemu na kuwachekesha wafiwa, kama ilivyo desturi, wakafanya vituko vyao, mmoja akalala kaburini akasema hatoki mpaka alipwe. Lakini hawakumjua kaka. Aliondoka kwao akiwa kijana. Hakuna aliyeweza kutembea kama yeye wala kuongea kama yeye. Walimtania marehemu yeyote tu. Pazi, aliyestahili kuwepo, alikuwa Kisarawe akimuuguza mama yake, na alipopata habari tulikuwa tumeshavuka Dodoma.

Niliporudi alikuja kunipa pole. Alisema, "Pole sana, dada Kalunde." Akakaa kwenye kochi, akanywa chai, akaondoka.

Dada Kalunde. Sijawahi kuwa dada kwa Pazi.

Kwa mtu asiye na mtani, hili ni jambo dogo. Kwangu lilikuwa kama daktari kukuangalia, akanyamaza, akamwita ndugu yako nje. Kila Jumapili alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, akanipisha njia. Nikaanza kujiona mimi ndiye mgonjwa.

Neema akachukua usukani. Yeye anahesabu moja, mbili, kwa sauti ya kuita wagonjwa kwenye foleni, na anahesabu vizuri. Tatizo nilikuwa mimi. Akisema moja, ndani yangu mimi nasikia "haya", natumbukiza na kuvuta. Akisema mbili, ndani yangu hakuna anayesema basi. Naendelea kushikilia. Makasia ya Pazi yanafika na kugonga yangu, Deo anagongana na Pazi, na boti inapinda.

Mazoezi ya mwisho Neema alinitazama usoni kwa muda, akauliza taratibu, "Unamfuata nani, Kalunde?"

Nilishika tena makasia.

Tulipotoka majini Deo akanivuta pembeni. Alisema hana nia mbaya, ila kuna mwenzake shuleni ana nguvu, na labda mimi nipumzike, niwe mtu wa kushangilia. Nilimwomba aniachie mashindano haya tu. Nikamwahidi kwamba nikiharibu nitajitoa mwenyewe. Akakubali, na nikaona Pazi amesikia kila kitu, na hakusema neno hata la kunicheka.

Sasa, leo.

Ufuko ulijaa. Kulikuwa na maturubai, muziki, maji ya chupa, watoto waliopakwa rangi usoni. Kulikuwa na picha ya mtoto njiti mdogo kama kiganja cha mtu, imewekwa ili wahisani wakumbuke kilichowaleta. Sisi tulivaa zile jezi. Nilikuwa nimezifua tena, ingawa hakuna aliyezivaa tangu ile simu ya kaka.

Kwenda, tulikwenda vizuri. Inabidi niliseme hili kwa haki. Neema alipiga kelele hasa, kila moja na kila mbili ilinipiga kifuani, na nilikaza macho kwenye midomo yake ili nimfuate yeye na si mwingine. Tulifika kwenye boya la kugeuzia tukiwa wa tatu. Nilianza kuamini kwamba nimeweza.

Wakati tunazunguka boya upepo ukatugeukia. Wimbi likapanda ubavuni na kumpiga Neema mdomoni akiwa katikati ya neno. Akakohoa. Akajaribu tena, akakohoa, na kilichotoka kilikuwa kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Alikuwa amemaliza sauti yake yote kwenye kwenda.

Hapo nikabaki na ile ya ndani.

Haya.

Nilivuta. Mipini ya makasia ikafika tumboni, nikaishika hapo. Nikasubiri. Nilijua ninachosubiri na nilijua hakiji, na sikuweza kuinua. Makasia ya Pazi yakaja na kugonga yangu. Nikasikia Deo anasema, "Kalunde, inua, tunapinda." Boti ikakaa ubavu kwa wimbi. Maji yakaingia miguuni. Boti moja ikatupita upande wa kulia, nyingine ikafuata, na watu wake wakatutazama kwa huruma, kama unavyotazama gari lililozimika barabarani.

Neema alikuwa ananiashiria kwa mikono. Nilimwona. Nilimwona kabisa.

Halafu nyuma yangu kaka akasema, "Haya."

Sio ndani. Nyuma, kwa sauti ya kusikika na watu.

"Baasi."

Niliinua makasia kabla sijafikiri chochote.

"Haya. Baasi. Kalunde, unapiga makasia au unakuna nazi?"

Ilikuwa sauti yake. Ule uzito wake wa Kinyamwezi ambao miaka yote ya Dar haikuuondoa, ule mtindo wa kuivuta "basi" kama anakunja shuka. Ilitoka upande ambao siyo wake. Yeye siku zote alikuwa mbele ya uso wangu, na sasa alikuwa mgongoni. Nilimtazama Neema, kwa sababu yeye aliona nisichokiona. Mdomo wake ulikuwa wazi.

"Pazi," Deo akasema. "Acha hiyo. Mwogope Mungu."

"Pazi yupi?" sauti ikamjibu. "Yule Mzaramo nimemwambia apumzike, kachoka tangu azaliwe. Haya. Baasi. Mwalimu mzima unashika kasia kama kipande cha chaki."

"Pazi, jamani."

"Nimesema mie siyo Pazi. Huko nilikokwenda wameniambia rudi kwanza, boti yako inatutia aibu. Haya. Baasi. Mie nimekufa kwa presha, nyie mnataka kufa kwa uvivu?"

Nilicheka.

Sijui niseme vipi. Kilitoka tumboni, kilikuwa kinauma, na kilinikata pumzi. Nilikuwa sijacheka tangu ile simu. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe, haya natumbukiza, basi nainua, na nyuma yangu nasikia makasia ya wenzangu yanaingia majini pamoja na yangu, mlio mmoja. Deo alikuwa anamnung'unikia Mungu wake, lakini alikuwa anavuta.

Naye hakunyamaza. Alilalamika kwamba tumemzika kwenye vumbi la Nzega bila Mzaramo hata mmoja wa kumpigia kelele, kimyakimya, kama mtu aliyekuwa na madeni. Alimwambia Neema ashukuru, maana yeye marehemu amerudi kufanya kazi na Neema mzima amekaa tu. Alisema jezi zimefuliwa vizuri ila dada yake amekonda, na akiendelea kukonda hivyo watapishana njiani.

Hapo kicheko kikaisha na kilio kikaanza. Sikuacha kuvuta.

Kuna kipande cha safari hiyo ambacho ndicho hasa nilichokaa kukiandikia. Kati ya boya na ufuko, kwa muda, nilisahau kwamba ni Pazi. Sikuwa nimechanganyikiwa. Nilijua boti, nilijua bahari, nilijua leo ni Jumapili. Nilisahau hilo moja tu. Nikataka kugeuka nimwone. Shingo ikaanza kwenda, nikaizuia.

Niliogopa kumkuta kaka. Na niliogopa zaidi kumkuta Pazi.

Sikugeuka mpaka boti ilipokwaruza mchanga.

Tulikuwa wa mwisho kasoro mmoja. Mtangazaji akawaomba watu watupigie makofi, wakapiga. Neema alinikumbatia, sauti yake bado haijarudi. Deo akakaa mbali kidogo, akifuta miwani kwa jezi iliyolowa. Yeye ni mtu wa Bukoba.

"Kwetu mtu akifanya hivyo kwenye msiba anapigwa," alisema.

Pazi alikuwa amekaa kwenye mchanga amenipa mgongo. Nikaenda nikakaa pembeni yake.

"Umenichukia?" akaniuliza. Sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya haraka.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Ulirudi na ile sura, mie nikaogopa." Akachota mchanga, akauachia. "Mtani akiogopa ana faida gani? Nikasema ngoja apoe, nitamlilia kaka yake siku akipoa. Leo nikaona hupoi. Unatuzamisha."

"Ulijifunza lini kuongea vile?"

"Nilikuwaga namwiga hata yupo. Mkiondoka. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka mpaka anakaa chini."

Hilo sikulijua.

"Sasa," akasema, "nimeshamzika. Nataka kuku wangu wa utani. Jogoo, na usiniletee broila."

"Mmekula viwanja vya mji mzima, hamjashiba?"

"Na umlete kichwani, mpagazi. Usimpandishe bodaboda."

Tukacheka wote wawili. Nikajisikia mtu mzima, mwenye afya, mwenye mtani. Deo akaja akatuambia, bila kututazama, kwamba hana haja tena na yule mwenzake wa shuleni. Nilirudi nyumbani nimelowa, na kwa mara ya kwanza niliona njia yote, maduka, watu, nguo zilizoanikwa.

Ningependa kuishia hapo. Lakini niliahidi utaratibu, na utaratibu unasema niandike kilichonisumbua.

Nilipofika nilianza kufua zile jezi. Mikono ikashika kazi, na ikaja.

"Haya."

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu afariki: "Baasi."

Nilisimama na jezi inachuruzika. Nilifikiri, sasa ameniaga. Sasa imefungwa. Nilikuwa karibu kumpigia mama. Ila mimi ndivyo nilivyo, huwa siwezi kupokea mzigo bila kuukagua, nikairudia tena kichwani, taratibu, ili niihakikishe.

Ilikuwa Pazi.

Ilikuwa Pazi akimwiga kaka. Vizuri sana, kama alivyofanya majini, lakini chini yake kulikuwa na ile sauti yake nyembamba, kama rangi ya zamani inayoonekana chini ya rangi mpya. Nikajaribu neno lingine. Kaka akiniita jina langu. Pazi. Kaka akiuliza kuna nini cha kula. Pazi. Kaka akigombana na fundi wa choo, kitu ambacho Pazi hakuwahi kukisikia. Pazi.

Nilikaa kwenye ndoo.

Hakuna pa kwenda kuhakikisha. Kaka alitumia kitochi, simu ndogo ya vitufe, maisha yake yote, hakuwahi kumtumia mtu sauti. Kuna video moja ambayo Neema aliichukua mazoezini, nimeiangalia tena leo: mdomo wa kaka unafunguka na kujifunga, na kinachosikika ni upepo tu.

Simlaumu Pazi. Nilikuwa nazama, akanitoa kwa kile alichokuwa nacho. Watu wote wa kwetu hutolewa msibani hivyo, na huenda hili huwapata wote, na hakuna anayelisema kwa sababu ni utovu wa shukrani. Ila nilikuwa na neno moja la kaka, na sasa nina maneno mengi ya Pazi.

Nilimaliza kufua. Nikaanika. Nikarudi ndani, nikakaa kwenye kiti, mikono bure, nikafumba macho, nikamweka kaka kwenye kiti chake nyuma ya boti, magoti karibu na yangu. Nikamwacha ajiandae kusema. Nikasubiri ile "haya" ya Pazi ije.

Kabla haijaja, nikasikia kitu.

Kaka alifanya kazi kwenye ghala lenye vumbi na pua yake haikuwahi kufunguka vizuri. Kabla ya kila "haya" alikuwa akivuta pumzi fupi puani, na ilikuwa na mluzi mdogo, mdogo kabisa. Ili uusikie ilibidi ukae magoti kwa magoti naye. Pazi alikaa mgongoni kwangu. Hakuusikia. Kwa hiyo majini leo hakuuiga.

Nimeuita mara kadhaa. Bado upo, na ni wake.

Sasa hivi, wakati naandika, Pazi ametuma ujumbe. Anauliza, kwa heshima ya marehemu, kama kuna mahali alikosea kumwiga nimwambie, maana watu wa mtaani wameshasikia na wanataka awafanyie Jumapili ijayo.

Nimemjibu kwamba hakukosea popote.